Kaseti ya Généreuse

Kwa miaka mingi, mtu wa mtaa wa Ndosho, mjini Goma, aliyemwoza binti yake na kutaka siku hiyo ikumbukwe alimwita Paulin Kambere. Paulin alikuwa mtu wa Butembo aliyeteremka Goma akiwa kijana, akamwoa Henriette, akafungua chumba cha mbao kando ya barabara na kukijaza nyaya, taa na kaseti. Harusi alizijua. Bibi harusi aliposhuka garini, Paulin alikwisha kujua ni mguu gani utatangulia. Alijua mama mkwe atalia saa ngapi, na alijua kugeuza kamera pembeni pale mjomba mlevi anaposimama kutaka kutoa hotuba. Kazi yake ilikuwa furaha ya watu wengine na aliifanya kwa mkono mwepesi. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu yanayofuata hayamsifu.

Mwishoni mwa mwaka 2008 vita viliwasukuma watu wa upande wa Rutshuru kuja kusini, na maelfu wakatua Kibati juu ya mawe meusi ya volkano. Shirika moja la misaada lilimkodi Paulin apige video ya ugawaji wa mablanketi. Kamera yake ilizoea kuona vitambaa vinavyong'aa na keki zenye ghorofa; siku ile iliona mstari wa watu usio na mwisho, na wanawake walioketi juu ya magodoro yaliyolowa. Baada ya siku chache akamwambia mkewe kwamba amepata wazo.

"Nitatengeneza filme," alisema. "Ya mapendo. Kila siku tunaangalia mapendo ya watu wa mbali, mu manyumba ya mbali. Sisi hatupendanake?"

"Tunapendana," Henriette akajibu. "Lakini nani atatuangalia?"

Ulipita mwaka mzima kabla hajapata nafasi. Aliporudi Kibati, kambi ilikuwa imepungua, na waliobaki walikuwa wamejenga vibanda vya kukaa. Alizunguka na kamera begani akiwaomba wanawake wamsimulie mapenzi yao. Wengi walimcheka. Mmoja alimtimua kwa ufagio. Kando ya barabara alimkuta mwanamke mwembamba akiuza makaa mafungu mafungu, mtoto mgongoni. Jina lake Généreuse. Alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwenye kitenge chake.

"Niko na yangu," alisema. "Lakini haiko ya filme."

Paulin akamketisha juu ya bidon, dumu la maji, iliyogeuzwa, akafungua miguu ya kamera, akaweka kaseti mpya. Zilikuwa zile kaseti ndogo za saa moja, unaweza kuificha kwenye kiganja.

"Tulikuwa na kasirani," Généreuse alianza. "Ile uiweke mbele. Mimi na bwana yangu, ile siku tulikuwa na kasirani."

Mumewe aliitwa Zéphirin, mtu wa Rugari, huko juu njia ya Rutshuru. Alikuwa msukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili wenye usukani, ambao Goma nzima hubebea mizigo. Kila juma alishusha makaa na kabichi mjini, akapanda mlima akiusukuma mtupu. Jioni ile, Généreuse akiwa na mimba ya miezi saba, alipika sufuria ya maharagwe. Zéphirin akaingia na ndugu zake wawili bila kumwambia mtu, wakala wakapangusa sufuria. Mwenye mimba akalala na chai kavu. Hakumgombeza. Alifanya lililo baya zaidi: alinyamaza.

Asubuhi risasi zikaanza upande wa juu. Zéphirin akafunga godoro juu ya chukudu, akampandisha mkewe juu ya godoro, akaanza kusukuma.

"Kutoka Rugari mupaka hapa," Généreuse alisema. "Ilikuwa jua, na vumbi, watu wengi sana. Mu mupando anasukuma, mu muteremuko anafunga na kiatu chini. Sikumusemesha. Tulifika Kibumba, akasimama, akaniuliza, 'Bado tu uko na kasirani?' Nikageuza uso. Unajua alifanya nini? Alicheka. Risasi iko nalia nyuma yetu, yeye anacheka. Njo kitu inaniumaka. Alicheka sawa mutu mwenye kuona kama iko na siku mingi ya kuomba musamaha."

Walipofika Kibati alimshusha, akamtandikia godoro, akaegesha mawe pembeni lisipeperuke. Halafu akasema anarudi kumchukua mama yake. Akageuza chukudu.

"Nilimuangalia mugongo. Shati ilikuwa na chumvi ya jasho, imekauka mistari mistari. Nikasema mu roho, akirudia nitamusemesha. Ni vile tu. Hakurudia, na mama yake hakumufikia."

"Ulilia?" Paulin aliuliza.

"Hapana. Nilikasirika. Hata leo niko nakasirika kidogo."

Mwanamke yule alizungumza kwa saa nzima. Alieleza jinsi Zéphirin alivyokuwa akiimba vibaya, jinsi alivyoogopa sindano, jinsi alivyomchumbia kwa kumletea kabichi moja kubwa kila juma mpaka baba yake Généreuse akamuuliza kama anaoa au anauza mboga. Paulin aliyasikia yote kwa sikio moja. Jicho lilikuwa kwenye kioo cha kamera, maana jua lilihamahama, na kichwani alikwisha kuanza kuchagua muziki.

Nyumbani aliitazama kaseti ile mara moja, sauti ikiwa juu. Henriette alikuwa anasonga bugali. Akaacha kusonga. Alisimama na mwiko mkononi mpaka kaseti ikaisha, na bugali likashika chini.

"Hii usiiguse," alisema. "Uwaonyeshe watu vile iko."

"Mwanamuke anaikala juu ya bidon saa nzima? Nani ataangalia?"

Henriette hakubishana. Alichukua kalamu, akaandika juu ya kaseti kwa mkono wake, *Mama wa Kibati*, akaiweka juu ya kabati.

Paulin akaandika filamu yake kwenye daftari la shule kwa muda wa miezi miwili, na kila alipoandika aliona amepamba. Maharagwe aliyaondoa siku ya kwanza. Mapenzi na maharagwe aliona haviendani. Ugomvi nao akaufuta, akisema watu hawalipi kiingilio kuja kutazama wanaonuniana. Kisha akaja Jumaine, mfanyabiashara wa magodoro ambaye wazee wake walitoka Maniema, mtu mwenye moyo mkunjufu na aliyependa sana kuonekana. Alitoa gari lake la jeep, nyumba ya rafiki yake kando ya ziwa na ukumbi wa karamu. Sharti lake lilikuwa moja tu: mdogo wake Samy acheze yule bwana mpenzi wa filamu. Basi chukudu kikageuka jeep, msukuma mizigo akageuka mkurugenzi, na Rugari ikageuka nyumba yenye maua. Mume hakupotea tena. Alirudi mwishoni na pete, wakafunga ndoa, keki ikakatwa. Filamu ikaitwa *Machozi ya Kibati*.

Samy alikuwa na suti tatu na uso mmoja. Alikuwa kijana mwema, hana neno na mtu, lakini alipoambiwa amtazame mpenzi wake aliitazama kamera. Kosa halikuwa lake peke yake. Kwa mazoea ya harusi, Paulin alikuwa akimwita bila kujua, "Hapa, hapa, cheka kidogo." Sauti waliichukua kwa kipaza sauti cha kamera, na jenereta ya jirani ilinguruma humo kutoka mwanzo hadi mwisho; pale ilipozidi, Paulin aliifunika kwa muziki, na muziki ukayafunika maneno.

Mwanamke alichezwa na Micheline, mwimbaji wa kwaya aliyekuwa akimaliza shule ya sekondari. Huyu alikuwa na akili. Alilia katika kila kipande kwa msaada wa kitunguu, mpaka siku ya nne akauliza.

"Papa Paulin, huyu mwanamuke anataka nini?"

"Anataka mapendo."

"Sawa. Lakini hapa, saa hii, anataka nini? Mikono yangu niifanye nini?"

Paulin alitafuta jibu. Jibu lilikuwepo, juu ya kabati nyumbani kwake: mwanamke anataka kununa na anataka abembelezwe, vyote pamoja. Lakini hakulifikia. "Lia tu," alisema. "Ukilia watajua."

Halafu ikaja siku ya mvua. Paulin alikuwa ameandika kwamba wapenzi wanaagana kwenye mvua kubwa, wamekumbatiana, na yeye alitaka mvua hiyo hata kama kiangazi kilikuwa kimeshika. Jumaine akaita gari la maji. Kijana akapanda juu na mpira, akawamwagia Samy na Micheline kwa nguvu, jua likiwaka utadhani limealikwa. Maji yaliwaangukia wao wawili tu. Hatua chache nyuma yao mbuzi alikuwa amelala juu ya ardhi kavu, akitafuna, na Paulin, aliyekuwa na macho makali ya kuona vazi la bibi harusi likipinda, hakumwona mbuzi.

Jambo lenyewe, lile ambalo limemkalia moyoni mpaka leo, lilitokea siku ya mwisho ya kazi, kwenye ukumbi wa karamu. Wageni walikuwa wameitwa, wamevaa na wamekula. Padri wa kuigiza alikuwa katikati ya maneno ya kiapo kamera ilipolia. Kaseti imejaa. Paulin akapekua mfuko; zote zilikuwa zimejaa kazi ya siku zilizopita. Chini kabisa aliipata moja yenye mwandiko wa Henriette. Asubuhi ile aliikokota pamoja na nyingine bila kuangalia.

Angeweza kumtuma mtu wa moto, yaani wa pikipiki, mpaka sokoni Birere akanunue mpya. Ni nusu saa, kwenda na kurudi. Lakini mwanga wa dirishani ulikuwa unapungua, na Jumaine alikuwa ameangalia saa yake mara mbili. Paulin aliishika ile kaseti. Alijiambia kwamba yale aliyoyasema yule mama anayo kichwani, na kwamba filamu yenyewe ndiyo hadithi yake. Akairudisha mwanzo, akaiingiza, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

"Tuendelee," alisema. "Samy, cheka kidogo."

Filamu ilionyeshwa mwaka 2011, Jumapili baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia uliojaa mpaka madirishani. Paulin alivaa suti. Jumaine aliketi mbele na familia yake. Généreuse naye aliitwa. Alikuja na binti yake Furaha, aliyezaliwa Kibati miezi miwili baada ya safari ile na sasa alikuwa na umri wa miaka miwili. Waliwekewa viti mstari wa pili.

Watu walianza kucheka kwa adabu, wakiziba midomo. Jeep ilipotokea, mtu akauliza kwa sauti kama hiyo ndiyo jeep ya wakimbizi. Micheline alipolia mara ya nne, vijana wa nyuma wakaanza kumhesabia. Ilipofika mvua, mbuzi akaonekana mkubwa ukutani, mkavu, akitafuna, na ukumbi ukapasuka. Watu walishikana mabega, wengine wakatoka nje kupumua. Pale ambapo Paulin alikuwa amewawekea kulia, walilia kweli, lakini kwa kicheko. Alibaki amesimama kando ya projekta akitabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wa heshima.

Généreuse hakucheka. Alitazama mpaka mwisho, mtoto amelala mapajani. Mlangoni alimpa Paulin mkono.

"Aksanti, papa. Mumefanya kazi."

"Umeiona namna gani, mama?"

"Ule mwanamuke hakasirikake hata mara moja?"

Généreuse akampandisha mtoto mgongoni, akafunga kitenge vizuri, akasema jambo ambalo bila shaka ndilo lililomleta.

"Ile kaseti yangu ya Kibati, nilitaka unipatie. Huyu mutoto hakuona papa yake, na sina foto. Ile siku nilimusema muzuri. Sijue kama nitaweza tena kumusema vile."

"Iko ku studio," Paulin alijibu, na ulimi ulikuwa mwepesi kuliko alivyotaka. "Nitakutafutia."

Généreuse alikuja mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa kaseti imechanganyika na nyingine. Mara ya pili, mashine ya kuisomea imeharibika. Mara ya tatu Paulin alimwona kwa mbali akivuka barabara, akatoroka kwa mlango wa nyuma. Henriette ndiye aliyempokea, akamkaribisha chai, na kwa kuwa hakujua lolote, alimwahidi kwamba mumewe ataitafuta. Usiku ule Paulin alimweleza mkewe ukweli. Henriette hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Kwa keki?" na kwa juma zima hakumuuliza kitu kingine.

Halafu vita vikarudi. Katikati ya mwaka 2012 watu wa Kibati walikimbia tena, na Généreuse hakuja mara ya nne. Mwezi wa kumi na moja mapigano yakaingia Goma kwenyewe. Paulin na Henriette walilala sakafuni siku mbili, chini ya kitanda, mabomu yakipita juu ya mabati. Asubuhi ya kwanza walikuwa wamekorofishana, kwa sababu Henriette aliacha gunia la makaa nje na sasa hakuna wa kutoka kulichukua. Walilala bega kwa bega, wamenuniana. Paulin alisikia pumzi ya mkewe. Alitaka kunyoosha mkono, na hapo hapo hakutaka, maana gunia lile lilikuwa jipya. Hakukuwa na muziki wala neno zuri lolote. Ila alipomsikia akikohoa, alisogea akae upande wa dirisha yeye, kioo kikivunjika kimkute yeye kwanza, na bado alikuwa amekasirika.

Pale chini ya kitanda ndipo alipoielewa hadithi aliyopewa bure Kibati. Alijua ni wapi Micheline angeiweka mikono yake. Alijua kwa nini watu walicheka: hawakumcheka mbuzi. Kila mmoja ukumbini alikuwa amewahi kukimbia, na kila mmoja alijua kwamba mtu hukimbia na gubu lake, na njaa yake, na ugomvi wa jana. Yeye aliwaonyesha watu waliokimbia na suti.

Ilimchukua zaidi ya mwaka mmoja kumpata Généreuse. Alimkuta mwanzoni mwa 2014 palepale Ndosho, amepanga chumba nyuma ya karakana za maseremala, anauza sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amekonda na ana kikohozi. Furaha alikuwa na miaka mitano, mtoto wa maneno mengi.

Paulin alipiga moyo konde, akasema yote akiwa amesimama. Kaseti haipo. Aliifuta yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili kupiga picha ya harusi ya uongo. Généreuse aliendelea kuchambua sambaza.

"Nilijuaka," alisema mwishowe. "Mutu mwenye iko na kitu hapitake mulango ya nyuma."

"Unisamehe, mama. Nimekuja na kamera mupya. Kama unakubali, tuanze tena. Nitaweka yote, sitakata neno."

Alikataa. Siku ya pili akakubali, kwa ajili ya mtoto. Aliketi mlangoni, mwanga ukimwangukia vizuri, na safari hii Paulin aliiacha kamera ijiendeshe, akaketi chini kumsikiliza.

"Tulitoka Rugari asubui," Généreuse alianza. "Mvua ilikuwa nanyesha..."

Paulin aliinua kichwa. Alingoja ajisahihishe. Hakujisahihisha. Aliieleza ile mvua, jinsi ilivyowalowesha, jinsi maji yalivyotiririka usoni mwa Zéphirin. Akafika Kibati. "Mbele ya kwenda alinikamata na mikono mbili, akaniambia nitarudia. Nikalia sana."

"Mama," Paulin alisema kwa upole. "Uliniambiaka ilikuwa jua. Jua na vumbi."

Généreuse alitazama barabara, akikunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kupapasa.

"Jua?" aliuliza. "Mimi naona mvua."

"Ilikuwa mvua!" Furaha akadakia. "Ni vile iko mu filme!"

Ndipo Paulin akajua yaliyopita. *Machozi ya Kibati* ilikuwa imekufa ukumbini, lakini diski zake zilinakiliwa Birere na kuuzwa barabarani pamoja na vichekesho. Kambini, jirani mmoja alikuwa na televisheni ndogo na betri. Mtoto aliambiwa kwamba ile ni hadithi ya baba yake, naye akaomba aione kila siku, na mama akaketi naye kila siku, miezi na miezi. Wengine walicheka. Furaha hakuona mbuzi. Aliona baba amevaa suti, anarudi na pete. Na mama yake, aliyekuwa na picha moja tu kichwani, ya mgongo na shati lenye chumvi, alimwagiwa maji yale kila jioni mpaka picha ikafutika.

Paulin alikuwa amekwisha kumsahihisha kuhusu mvua. Kuhusu kukumbatiwa hakusema neno. Alitazama chini, akaacha iingie kwenye kamera vile ilivyo.

Alipomweleza Henriette, mkewe akaanza kusema. Alikumbuka maharagwe. Alikumbuka ndugu wawili, kicheko cha Kibumba, kabichi ya kila juma, neno la baba mkwe. Alikuwa ameisikia kaseti mara moja tu, na mwiko mkononi, na aliikumbuka kuliko mumewe aliyekuwepo. Paulin aliandika alivyomwambia, jioni kwa jioni, kwenye daftari jipya, na palipokosekana neno aliacha nafasi wazi badala ya kubuni.

Hakumpa Généreuse daftari lile. Alikuwa anakohoa damu wakati huo, na Paulin hakuona kwa haki gani amnyang'anye kumbatio alilokuwa nalo, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyelibuni. Mama yule alifariki mwaka 2016, na Furaha akalelewa na shangazi yake mlemle Ndosho. Paulin alichangia ada ya shule bila kujitangaza. Harusi aliendelea kuzipiga. Filamu hakutengeneza tena.

Furaha alikuja mwenyewe studioni mwaka 2023, msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, anajifunza kushona. Alitaka nakala safi ya *Machozi ya Kibati*, maana yake ilikuwa imekwaruzika. Paulin alimnakilia. Halafu akatoa daftari kwenye droo ya meza, akamweleza ni nini, na akamweleza na habari ya kaseti, bila kujipunguzia. Furaha alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo papa yangu alikuwa nasukuma chukudu."

"Ndiyo. Alimusukuma mama yako mu jua, kilometa na kilometa, na mama hakumusemesha. Hata mu filme yote sikuweka mutu mwenye kupenda vile."

Msichana alifungua ukurasa wa kwanza, akaufunga.

"Papa Paulin, ule wa filme njo nilikomea naye tangu niko mutoto," alisema. "Nikiwa na woga nilikuwa namuwazia ule, na suti yake. Najua anaangaliaka kamera. Najua kama watu wanachekaka. Lakini niko naye ule tu."

"Ninajua. Unisamehe."

"Mama alikusamehe?"

"Sikumuulizaka tena. Niliogopa."

Furaha alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira. Akachukua diski, na baada ya kusitasita akachukua na daftari, akavitia vyote kwenye mfuko wa vitambaa vyake. Alisema atasoma siku atakayokuwa na nguvu.

Mwanzoni mwa 2025 mapigano yaliingia tena mjini, na studio ya Paulin ikavunjwa. Kamera, mashine na harusi za miaka ishirini zikaenda. Furaha alinusurika pamoja na shangazi yake, na anashona hadi leo kwenye baraza la duka, karibu na njia panda. Paulin hupita pale mara nyingi kwa miguu. Wanasalimiana, anaulizwa habari za Mama Henriette, naye anauliza habari za kazi. Kama daftari limesomwa, Furaha hajasema, na Paulin hajaona kwamba ni yeye wa kuuliza.